Kupiga Picha za Bustani ya Jiji Msimu hadi Msimu

Mkungu ulioota kando ya bwawa la bustani unaweza kukupa picha nne ambazo mgeni ataapa ni za miti minne. Kuna majuma majani yake mapana huwa mabichi, yamefumana hata mwanga haupenyi. Kuna majuma hugeuka mekundu, moja baada ya jingine. Kisha mti hubaki mtupu, matawi yametandazwa tabaka juu ya tabaka, na lile ghorofa lililokuwa limejificha nyuma yake linajitokeza lote. Hujakaa sawa, vichipukizi vimeshasimama kwenye ncha za matawi, vyembamba kama mishumaa.

Karibu kila bustani ya jiji ina mti wa namna hiyo, uwe mkungu, mwaloni, mjakaranda au mcheri. Shida ni jinsi tunavyoupiga. Maua yakitoka tunayakimbilia maua. Majani yakianza kupukutika tunahamia kona nyingine yenye rangi kali zaidi. Mvua ikinyesha tunabaki nyumbani. Mwaka ukiisha tuna picha nzuri zisizojuana. Mimi naamini msimu hauonekani vizuri ndani ya picha moja. Unaonekana pale picha mbili za mahali palepale zinapowekwa sambamba, na kile kilichobaki vilevile kikaonyesha kilichobadilika. Kwa hiyo kazi kubwa katika mwongozo huu ni kurudi, na kusimama ulipokuwa umesimama.

Hatua ya 1: Zunguka kwanza, kamera ikae mkobani

Nenda bustanini siku mbili tatu, asubuhi na jioni, uangalie tu. Unatafuta mahali pasipozidi patano. Ukichagua kumi, utachoka mwezi wa tatu.

Mahali pazuri pana vitu vya aina mbili. Kuna vinavyobadilika: mti unaopukutisha majani, nyasi, maji, vitalu vya maua. Na kuna vitakavyoishikilia picha: daraja dogo, nguzo ya taa, ukingo wa njia, ghorofa la mbali. Misonobari na miti mingine isiyopukutisha, ikiwa peke yake, itakupa picha ileile Januari na Julai. Lakini ikisimama nyuma ya mti unaopukutisha inakuwa pazia la kijani, na rangi za mwenzake zinajitokeza vizuri mbele yake.

Lifikirie pia jiji lenyewe, maana hapo ndipo bustani inapotofautiana na msitu. Majani yakiwa yameshiba, kuta, waya na mabango hufichika. Majani yakidondoka, jiji linaingia kwenye picha bila hodi. Amua tangu mwanzo kama unalitaka. Mimi hulitaka. Ghorofa linalojificha na kujitokeza kila mwaka linaeleza msimu kuliko ua moja lililopigwa kwa karibu.

Kisha wasalimie watunza bustani na uwaulize. Wao ndio wanaojua mti upi hutangulia kupukutika, matawi yatakatwa lini, bwawa litakaushwa lini lisafishwe, na vitalu vipi vitang'olewa vipandwe upya. Waulize na kanuni: bustani nyingi hazina neno na mtu mwenye kamera mkononi, lakini huhitaji kibali kwa kazi ya biashara au vifaa vikubwa, na droni mara nyingi haziruhusiwi.

Hatua ya 2: Lijue jua la hapo ulipo

Tumezoea kusema jua huchomoza mashariki. Mashariki kamili huchomoza mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Machi na tarehe 22 au 23 Septemba. Siku nyingine zote limesogea. Kwenye ikweta husogea nyuzi 23 hivi kuelekea kaskazini mwezi Juni, na kiasi hichohicho kuelekea kusini mwezi Desemba. London, iliyo karibu nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta, husogea nyuzi zipatazo 40 kila upande. Kwa mpiga picha maana yake ni hii: njia iliyojaa jua la asubuhi mwezi Machi inaweza kuwa kivulini kabisa mwezi Desemba, ukiwa umesimama palepale.

Urefu wa jua angani nao hubadilika. London mwezi Juni, jua la adhuhuri hufika nyuzi 62 juu ya upeo wa macho. Mwishoni mwa Desemba halizidi nyuzi 15 hivi. Ndiyo sababu wapiga picha wa nchi za mbali na ikweta hupata vivuli virefu hata saa sita ya mchana wakati wa baridi, na wanaweza kufanya kazi kutwa. Karibu na ikweta adhuhuri ni utosini au karibu na utosini mwaka mzima, na chini ya miti kunakuwa na kivuli cheusi kilichojaa madoa ya mwanga mkali. Hapo kazi yako iishe kufikia saa tatu asubuhi, uianze tena saa kumi alasiri. Zaidi ya hayo, ukiwa karibu na ikweta jua la adhuhuri hubadilisha upande: Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini. Shina la mti lenye upande mmoja mkavu na mwingine wenye kuvu hulioni sawasawa mpaka ulione katika miezi yote miwili.

Machweo nayo yana haraka yake. Ikweta, tangu jua lizame mpaka lifike nyuzi 6 chini ya upeo wa macho, ule mwanga wa samawati unaopendwa na wengi, ni dakika 20 na kitu tu. London mwezi Juni hufika dakika 45 hivi. Kama unaishi penye machweo mafupi, tripodi iwe imeshasimama na picha imeshapangwa kabla jua halijagusa miti.

Zipo programu za simu zinazochora njia ya jua kwa tarehe yoyote, na zinafaa. Lakini fanya pia na hili: kila unapofika, chora kwenye daftari kivuli cha nguzo ya taa kimelala upande gani na kimefika wapi. Baada ya miezi mitatu utaanza kukisia mwanga wa mwezi ujao bila kufungua simu.

Hatua ya 3: Weka alama ya miguu yako

Kusimama palepale ni kugumu kuliko kunavyosikika. Ukisogea nusu hatua kulia, mti wa mbele unahama mbele ya ghorofa la nyuma, na picha mbili haziwezi tena kulinganishwa. Dawa yake iko ndani ya kasoro hiyohiyo.

Tafuta kitu cha karibu na kitu cha mbali vinavyogusana machoni pako. Tuseme ukingo wa kushoto wa nguzo ya taa unagusa ukingo wa dirisha la tatu la ghorofa. Vikigusana hivyo, uko kwenye mstari sahihi, ingawa unaweza kuwa umekaribia mno au umerudi nyuma mno. Tafuta jozi ya pili upande wa pili wa picha, labda kichwa cha nguzo ya daraja na kona ya ukuta. Mistari hiyo miwili hukutana mahali pamoja tu, na hapo ndipo lenzi yako inapotakiwa kuwa. Ziandike jozi zote mbili daftarini, na picha ya kwanza ya kila mahali iweke kwenye simu uilinganishe kila ukirudi.

Kimo nacho kina alama yake. Kama una tripodi, bandika utepe kwenye miguu pale inapofungwa. Kama huna, funga kamba kwenye kamera, ikunjue mpaka iguse ardhi, piga fundo. Mwezi ujao fundo likigusa ardhi, umepata kimo.

Ufundi huu una historia. Mwaka 1977 mpiga picha Mark Klett na wenzake walianza kurudi katika sehemu za magharibi mwa Marekani zilizopigwa picha na misafara ya upimaji ya karne ya 19, wakitafuta palepale kamera za zamani ziliposimama karibu miaka 100 kabla. Miamba ya mbele na ya nyuma iliwaonyesha mahali. Vivuli viliwaonyesha msimu na saa. Bustani yako ni ndogo kuliko majangwa yale, lakini kazi ni ileile.

Alama yako iwe kitu chenye msingi ardhini. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia benchi. Mwezi wa saba likaondolewa kupakwa rangi, likarudishwa mkono mmoja kutoka lilipokuwa, nami sikugundua. Picha za miezi iliyofuata hazikuweza kuungana na za nyuma, na katika miezi hiyo ndimo mkungu ulimogeuka mwekundu. Bado inaniuma.

Hatua ya 4: Funga mipangilio ya kamera

Tumia lenzi moja, urefu mmoja wa fokasi. Milimita 35 kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame) inatosha kwa mandhari ya bustani. Kwenye simu tumia kamera kuu na usivute picha kwa vidole. Tundu la lenzi liwe f/8 hivi, ili daraja na ghorofa vyote viwe wazi. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iwe ya chini, 100 au 200. Hifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, kama kamera inaruhusu.

Sasa rangi, na hapa ndipo picha nyingi za misimu huharibika kimyakimya. Kamera ikiachwa ichague uwiano wa weupe (white balance) yenyewe, kazi yake ni kuondoa rangi inayotawala. Mwanga wa dhahabu wa jioni itaupoza, ubuluu wa asubuhi ya baridi itaupasha moto, majani ya manjano yakijaa fremu itayavuta kuelekea samawati. Yaani inafuta kilekile ulichokifuata. Weka uwiano wa mwanga wa mchana, karibu kelvini 5500, na usiuguse mwaka mzima. Asubuhi za baridi zitatoka na ubuluu kwa sababu kweli zilikuwa na ubuluu.

Kiasi cha mwanga usikifunge, kwa kuwa hubadilika kila siku. Kitazame kwa histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia: mlima wake usibanwe kwenye ukuta wa kulia, la sivyo mawingu yamepotea. Kwenye simu, shikilia kidole kwenye kioo mpaka fokasi na mwanga vifungwe, na zima vichujio vyote vya kupamba.

Hatua ya 5: Panga siku za kurudi

Chagua tarehe moja ya kila mwezi. Saa uihesabu kutoka kwenye jua, siyo kutoka kwenye saa ya mkononi: kwa mfano, saa nzima baada ya macheo. Hiyo ni ziara ya lazima, mvua inyeshe isinyeshe. Usiisubiri siku nzuri, maana mwaka haukutengenezwa kwa siku nzuri tupu.

Juu ya hiyo ongeza ziara za mpito. Misimu haigeuki polepole kama tunavyofikiri. Kuna wiki moja au mbili ambamo kila kitu hutokea. Micheri ya Tokyo kwa kawaida huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, na ikishafunguka yote hudumu kama wiki moja tu, na upepo au mvua hupunguza hata hizo siku. Ukiona vitumba vinavimba au jani la kwanza linageuka, nenda kila siku ya pili.

Hatua ya 6: Kila msimu na namna yake

*Mvua.* Naanza na huu kwa sababu ndio watu wanaoutoroka. Mawingu yanatandaza mwanga sawasawa, vivuli vyeusi vya chini ya miti vinalegea, na mvua za kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi lililokuwa limeyafanya majani kuwa ya kijivu miezi kadhaa. Piga siku moja kabla ya mvua hizo na siku moja baada yake, kama unaweza kukisia. Hutahitaji kumweleza mtu tofauti.

Majani yaliyolowa yana mng'ao mweupe unaoficha rangi. Kichujio cha polaraizi hukata mng'ao huo: kizungushe taratibu mbele ya lenzi huku ukitazama jani moja, utaona kijani kinapanda kutoka chini yake. Kinakula stopu moja mpaka mbili za mwanga (stopu moja ni kupunguza mwanga nusu au kuuongeza mara mbili), kwa hiyo shika kamera imara. Mvua yenyewe inaonekana ikiwa na kitu cheusi nyuma yake, kama shina au ukuta. Kwa kasi ya 1/30 ya sekunde matone huwa nyuzi, kwa 1/500 hukaribia kuwa shanga.

Ikikatika, tafuta madimbwi njiani. Chuchumaa, kisha chuchumaa zaidi, mpaka lenzi ikaribie kugusa maji. Dimbwi lenye upana wa sahani linaumeza mti mzima pamoja na taa na anga. Ukiinuka kiasi cha kiganja tu, mti unatoka, unabaki na lami. Subiri upepo utulie. Jani moja likidondokea ndani yake, liache. Viduara vyake vikipanuka vinakuonyesha kuwa kile ni kioo cha maji.

*Kiangazi na jua kali.* Wahi asubuhi, rudi jioni. Mchana tafuta majani yenye jua nyuma yake, mishipa yake inaonekana kama ramani ya mito. Nyasi zilizokauka usizikwepe. Hizo ndizo sura ya msimu.

*Mapukutiko.* Inasaidia kujua kinachotokea. Siku zikifupika, mti huacha kutengeneza klorofili ya kijani, na ile iliyopo huvunjika. Manjano yanayobaki yalikuwamo ndani ya jani muda wote, yamefunikwa. Nyekundu ni habari nyingine: miti mingi huitengeneza upya wakati huo, hasa mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa baridi isiyofikia kugandisha. Kwa hiyo majuma ya namna hiyo yakitangazwa, jiandae kwa wekundu.

Wengi husubiri jua ndipo wapige rangi hizi. Mimi nashauri ukungu mwepesi au wingu jepesi, rangi hushiba bila kuchomwa. Jua litumie likiwa nyuma ya majani. Na usidharau ardhi: zulia la majani hudumu siku chache kabla halijafagiwa, na mtunza bustani uliyemsalimia atakuambia anafagia lini. Usiku ukiwa mweupe usio na mawingu wala upepo, damka kabla ya macheo. Maji ya bwawa yaliyo na joto kuliko hewa hutoa ukungu unaolala juu yake, na saa moja baada ya jua kutoka mara nyingi umekwisha.

*Theluji na baridi.* Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kitu ni cha kijivu cha wastani, kwa hiyo theluji huitoa ya kijivu. Ongeza stopu moja mpaka mbili. Kabla ya kuingia bustanini, panga utapita wapi: nyayo zako zikishakatiza mbele ya daraja hazifutiki. Betri hupoteza nguvu kwenye baridi, ya akiba iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Na ukirudi kwenye joto, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla hujaingia ndani, uiache humo mpaka ipate joto la chumba. La sivyo unyevu utatua ndani ya lenzi.

Penye sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, piga magoti karibu na jani lililoanguka. Fuwele husimama kwenye kingo na juu ya mishipa, kama chumvi iliyopangwa kwa mkono, na katikati ya jani panabaki wazi. Jua likifika hapo una dakika chache tu.

*Kuchipua.* Hapa acha mandhari kidogo, chagua tawi moja lililo kwenye kimo chako na ulipige kila siku ya pili kwa majuma mawili, likiwa na jua nyuma yake. Mjakaranda mara nyingi huchanua kabla majani hayajarudi, basi utapata zambarau tupu juu ya anga.

Hatua ya 7: Watu

Bustani bila watu ni nusu ya bustani. Mwavuli, kofia ya jua, koti zito, mtu aliyelala kivulini: mavazi na mikao husema msimu upi. Wapige wakiwa mbali, wadogo ndani ya mandhari. Ukitaka kumsogelea mtu, omba ruhusa, na kwa mtoto muombe mzazi wake. Akikataa, mshukuru uendelee.

Hatua ya 8: Mezani

Yape mafaili majina yanayoanza na mahali kisha tarehe, kama Daraja-2025-03-01, yatajipanga yenyewe. Nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine, siku hiyohiyo.

Kisha chagua picha moja iwe msingi, na nyingine uziweke juu yake moja moja kwenye programu ya kuhariri, ukipunguza uzito wa ile ya juu ili ya chini ionekane. Linganisha zile jozi zako za alama, zungusha na sogeza kidogo, halafu kata kingo za zote kwa kipimo kimoja. Marekebisho ya rangi yawe yaleyale kwa mwaka mzima. Kishawishi cha kuzidisha wekundu wa mapukutiko ni kikubwa. Ukikubali, mwezi ulio kando yake utaonekana mgonjwa bila kosa lake.

Miezi 12 ikitimia, rudi mara moja zaidi, tarehe ileile uliyoanzia, upige picha ya 13. Iweke kando ya ile ya kwanza. Majani yatakuwa yaleyale na mwanga uleule, lakini tazama kwa utulivu: tawi moja limekatwa, mche uliokuwa chini ya ukingo wa daraja sasa unaufikia, na mbali nyuma kuna winchi inayoanza kuinua ghorofa jipya. Andika tarehe, chora kivuli cha nguzo, na mwezi ujao uwepo.